Kuchagua Mipira ya Baiskeli na Pikipiki

Mtu atokaye Ruai kwa pikipiki kwenda kazini mjini Nairobi huweza kupita njia za namna tatu: udongo mweusi karibu na nyumba yake, kisha changarawe, na mwishowe lami ya Kangundo Road na Jogoo Road. Mipira yake ni ile ile kote huko, na sehemu ya kila mpira inayogusa ardhi haizidi sana kiganja cha mkono. Uhai wake na wa abiria wake umo juu ya viganja hivyo viwili. Kwa hiyo yafaa ajue kuchagua.

Kwanza, lami. Hapa hutakiwa mpira wenye uso mpana na mifereji myembamba. Mifereji hiyo hutoa maji wakati wa mvua ili mpira ushike barabara. Mpira wenye meno marefu haufai kwenye lami, kwa sababu hugusa kwa ncha tu, hutetemesha usukani, na huisha upesi.

Pili, udongo mweusi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, udongo huu hunata kama gundi. Mpira wenye mifereji myembamba hujaa tope mara moja, ukawa laini kama sabuni. Meno yaliyoachana hutupa tope gurudumu linapozunguka. Tena, mpira usiwe mnene kupita nafasi iliyopo chini ya madigadi, maana tope hujaza nafasi hiyo na kulifunga gurudumu.

Tatu, changarawe. Mpira wa kati, wenye meno mafupi na mstari usiokatika katikati, hutosha. Huo ndio umfaao apitaye njia zote kila siku na asiyeweza kununua mipira ya namna mbili.

Kabla ya kununua, na asome alama za ubavuni. Namba 3.00-18 maana yake ni upana wa inchi 3 na rimu ya inchi 18. Baiskeli ya Black Mamba huchukua 28 x 1½. Kama pana mshale, ufuate upande wa kwenda mbele. Mipira mingi ya pikipiki ina tarakimu nne za tarehe: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi dukani huwa mgumu, hata kama haujatumika.

Upepo nao una kanuni yake. Upimwe asubuhi, mpira ukiwa baridi. Katika tope waweza kupunguzwa kidogo, lakini ujazwe tena kabla ya kurudi kwenye lami. Mpira mlegevu wenye mzigo mzito hubana mpira wa ndani kwenye rimu na kuupasua.

Mwisho, ndani ya mifereji ya mipira mingi ya pikipiki mna vinundu vidogo. Uso wa mpira ukilingana navyo, wakati wa kuubadili umefika. Wako wanaoendelea kutumia mpira kipara ili kuokoa fedha. Lakini mwendeshaji wa bodaboda akianguka siku moja ya mvua, huweza kupoteza kazi ya miezi mingi, na abiria wake huweza kupoteza zaidi ya hayo. Rahisi ni ghali.