Land Rover Kuukuu Kugeuzwa Tela: Yatangulizwe Yapi Kabla ya Kukata Chuma

Ni nadra kupita kijijini usione Land Rover kuukuu imelala uani, matairi yamedidimia, kuku wakitaga chini ya boneti. Injini imekufa siku nyingi, lakini bodi bado inavutia macho ya fundi. Sababu yake ni ya kihistoria. Gari hilo la Uingereza lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa adimu baada ya vita, ndipo waundaji wakaitengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini, ambayo haili kutu kama chuma. Kwa hiyo mkulima mwenye pikapu au trekta akitazama ile nusu ya nyuma, yenye magurudumu mawili, springi na sanduku la mizigo, huona tela lililokwisha kuundwa, ambalo limebaki kukatwa tu.

Hapo kwenye kukata ndipo wengi hukosea.

Katika Land Rover nyingi za zamani, namba ya chesisi imegongwa mbele, upande wa kulia, karibu na mahali springi ya mbele inaposhikiliwa. Maana yake ni kwamba anayekata gari katikati na kuuza kipande cha mbele kama chuma chakavu ameuza pia kitambulisho cha gari lake. Tela linalobaki halina asili, na askari wa usalama barabarani akiuliza limetoka wapi, maneno matupu hayatoshi. Basi kabla grenda haijawashwa, tafuta kadi ya gari, soma namba iliyo kwenye chuma, uone kama zinafanana, na uipige picha. Usithubutu kukata kile kipande chenye namba na kukichomelea kwenye tela: anayekagua atakiona kama jaribio la kughushi, hata kama nia yako ilikuwa njema.

Kadi ikiwa bado ina jina la marehemu, shauri la mirathi litangulie. Tumeona ndugu wakifarakana kwa sababu ya gari ambalo hakuna aliyelijali kwa miaka mingi, mpaka siku mmoja wao alipoleta fundi. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kuliuza au kulibadilisha. Aliyenunua kwenye mnada wa magari chakavu atunze hati za mnada na stakabadhi ya malipo.

Tela ni chombo kinachojitegemea kisheria. Huandikishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kupewa namba yake yenyewe, wala halitembei kwa namba ya gari linalolivuta. Ushauri wetu ni kwenda kwanza TRA na kwa mkaguzi wa magari wa Polisi ukiwa na mchoro wa tela unalotaka, uelezwe masharti, ndipo uanze kazi. Tela lililokamilika likikataliwa, kulivunja upya ni gharama kuliko nauli ya kwenda kuuliza.

Sasa tuingie karakana. Mimi si fundi, ila nimekaa na mafundi wa kutosha kujua wanachogombania.

Jambo la kwanza ni chesisi. Bodi haina kutu, lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma chenye uwazi ndani, nayo huoza kuanzia ndani. Rangi ya nje hudanganya. Gonga kwa nyundo urefu wote: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bubu. Sehemu iliyooza ikatwe yote. Bati lililochomelewa juu ya kutu halishiki chochote.

Ekseli ya nyuma inafaa, lakini ilikuwa ya kusukuma gari. Ikiachwa ilivyo, magurudumu yatazungusha difu bure njia nzima. Katika nyingi za ekseli hizi uzito hubebwa na habu, si shafti, hivyo shafti za pembeni zinaweza kutolewa na magurudumu yakabaki salama. Habu zifunikwe vizuri baada ya hapo, vumbi lisiingie kwenye beringi.

Mkono wa kuvutia ndio roho ya tela. Uundwe kwa vyuma viwili vinavyoanzia chini kabisa ya chesisi na kukutana mbele kama herufi A, si bomba moja lililochomelewa katikati. Ongeza mnyororo wa usalama, ili kichwa kikichomoka mlimani tela lisiwafuate watoto wanaotoka shule.

Mzigo nao una kanuni. Mbele ya tela, pale linaposhikana na gari, pabebe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Tela la kilo 800 likiwa na mzigo, kichwa chake kiwe na kilo 40 hadi 80. Mzani wa magunia unatosha: weka gogo juu yake kwa kimo cha kuvutia, shusha kichwa cha tela hapo, usome. Uzito ukirundikwa nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo linavyoburuta gari lenyewe. Wachota maji wakumbuke kwamba tangi la lita 1,000 ni kilo 1,000 za maji peke yake, na tangi lililojaa nusu husukasuka kwenye kona.

Kwa uzito wa namna hiyo, breki za gari la mbele hazitoshi. Lipo aina ya kichwa cha tela ambacho dereva akifunga breki hurudi nyuma kwa msukumo wa tela na kuzibana breki za magurudumu yake. Za asili za Land Rover zinaweza kuunganishwa nacho, lakini kazi hiyo apewe fundi aliyewahi kuifanya.

Taa za breki, za kuashiria kona na za kumulika namba ziwake zote pamoja na za gari. Angalia umeme: balbu za volti 12 zikiunganishwa kwenye lori la volti 24 huungua mara moja. Viakisi mwanga vyekundu viwekwe nyuma, kwa kuwa tela lililoharibika usiku halina injini ya kuwashia taa. Mwenye bima aulize kama bima ya gari lake inakubali kuvuta tela, na dereva aangalie daraja la leseni yake.

Safari ya kwanza iwe fupi na bila mzigo. Baada ya kilomita kama 50, simama, gusa habu kwa mkono: ikiwa ya moto, beringi imekazwa mno au haina grisi. Kaza tena nati za magurudumu kabla ya kuendelea.