Kuunda Eropleni Ndogo Ipigayo Pindu

Wakazi wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, si wageni wa vyombo virukavyo. Karibu nao, katika bahari ya Ngomeni, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma katika miaka ya 1960, na tarehe 26 Aprili 1967 roketi iliruka kutoka hapo ikichukua setilaiti iitwayo San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti nyingine, ikapewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala. Roketi ya mwisho ya kuchukua setilaiti iliondoka hapo mwaka 1988.

Setilaiti hizo zilipokea amri kwa mawimbi ya redio. Jambo hilo lilianza kwa chombo kidogo: mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua iliyoongozwa kwa redio pasipo mtu ndani yake. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iongozayo eropleni ndogo iuzwayo vipande vipande sandukuni, ili mnunuzi aiunge kwa mikono yake. Kazi hiyo ni somo zuri la ufundi, lakini yadai uangalifu, kwani kazi ya majuma mengi yaweza kuvunjika kwa dakika moja, na rafadha yake yaweza kumkata mtu vidole.

1. Umbo la mabawa

Bawa la eropleni ya mwanafunzi huwa na mgongo juu na tumbo karibu bapa, nayo mabawa yake huinuka kidogo kwenye ncha, hata chombo kikiinama hujirudisha chenyewe. Bawa la eropleni ya mapindu lina mgongo sawa juu na chini, ili iweze kuruka kichwa chini miguu juu, na mabawa yake yamenyooka. Basi haijirudishi, hukaa vile ilivyowekwa mpaka iamriwe tena. Kwa sababu hiyo yampasa mtu aanze na eropleni ya mwanafunzi, ndipo aje kwa hii.

Mbao zake ni za balsa, mti mwepesi sana. Mjenzi aziunge juu ya meza iliyonyooka kabisa, akipima pande zote mbili mara kwa mara kabla gundi haijakauka. Bawa lililopotoka kidogo tu litaivuta eropleni upande mmoja siku zote, kama jahazi lenye mkuku uliopinda.

2. Mizani

Hapa ndipo eropleni nyingi hupotea. Kila chombo kina mahali pa mizani, na ramani ya sandukuni huonyesha palipo. Kwa kawaida ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Mjenzi aishike eropleni kwa ncha za vidole chini ya mabawa, mahali hapo. Pua ikiwa nzito, eropleni itaruka kwa uzito. Mkia ukiwa mzito, haitashikika kamwe.

Tuseme eropleni ina uzito wa gramu 1,500, na mizani yake imerudi nyuma sentimita 1. Zidisha 1,500 kwa 1. Ikiwa pua iko sentimita 30 mbele ya mahali panapotakiwa, gawanya kwa 30: jibu ni gramu 50 za risasi puani. Lakini nahodha mwema hupanga shehena kabla ya kutia farumi. Betri ya gramu 200 ikisogezwa mbele sentimita 7 na nusu hufanya kazi ile ile, wala uzito hauongezeki.

3. Redio na betri

Ndani ya eropleni kuna kipokezi na mota ndogo ziitwazo sevo, ambazo husukuma vibawa vyenye bawaba. Mjenzi asimame nyuma ya eropleni akiwa ameondoa rafadha. Akisukuma kijiti kulia, kibawa cha kulia kipande na cha kushoto kishuke. Akivuta kijiti nyuma, kibao cha mkiani kipande. Kimoja kikienda kinyume, eropleni itaanguka pale pale irukapo.

Kiwashwe kwanza kile chombo cha mkononi, kisha eropleni. Wakati wa kuzima, eropleni izimwe kwanza. Tena mota itengenezwe ili izimike yenyewe mawimbi yakipotea.

Betri za lithiamu zaweza kuwaka moto. Zisitiwe umeme usiku watu wamelala, wala zisiachwe juani.

4. Hewa ya pwani na sheria

Pepo za bahari huchukua chumvi, na chumvi hula chuma. Kila baada ya kuruka, mota na misumari ya parafujo ifutwe kwa kitambaa kikavu. Eropleni ikae kivulini, maana jua kali hulegeza ngozi ya plastiki iliyofunika mabawa.

Wakati mwema ni asubuhi, kabla ya upepo wa bahari kushika nguvu. Eropleni huondoka na kutua ikielekea upepo. Pindu la kwanza lipigwe juu, palipo na nafasi ya kujirekebisha, wala lisipigwe juu ya watu. Viwanja vya chumvi vya Gongoni ni tambarare, lakini watu huchuma riziki humo. Mahali pa kazi ya watu si pa michezo.

Mwisho, Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo virukavyo pasipo rubani ndani, nazo husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Yafaa kuwauliza wakubwa hao juu ya ruhusa na mahali pa kurushia kabla ya kununua sanduku, wala si baada yake. Mwenda pole hajikwai: anayeuliza mapema hapotezi fedha zake, na anayepima mara mbili hapotezi eropleni yake.