JINSI YA KUUNGANISHA NYAYA ZA PIKAPU KATIKA GITAA LA KUJITENGENEZEA

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Msomaji mpenzi, nikitaja neno pikapu najua wengi wenu mtaliwazia gari la kubeba kabeji kwenda sokoni. La hasha! Pikapu ninayotaka kuieleza leo ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Bila hicho kidude, gitaa la umeme ni ubao tu wenye nyuzi.

Shuleni mwetu wamo wenzetu wenye mikono ya baraka. Wamechonga magitaa kwa mbao za mkangazi na hata za makreti, wakayapiga msasa yakang'aa. Lakini wapi! Likifika jambo la umeme, gitaa hubaki bubu miezi mitatu, au hupelekwa kwa fundi wa redio, naye huliunganisha bila kumweleza mwenyewe alichokifanya. Waya mmoja ukikatika, safari ya kwa fundi inaanza tena. Nia ya makala haya ni kwamba uunganishe gitaa lako mwenyewe, na baada ya kuliunganisha uendelee kuwa hai. Hilo la pili silisemi kwa mzaha, kama utakavyoona mbele.

Kabla hatujaendelea tukubaliane maneno. Nikisema "nyuzi" nina maana ya zile unazozipiga kwa vidole. Nikisema "nyaya" nina maana ya zile zinazopitisha umeme ndani ya gitaa.

I. PIKAPU HUSIKIA NINI?

Wengi hudhani pikapu ni kama maikrofoni. Sivyo. Maikrofoni husikia hewa inayotikisika, ilhali pikapu huhisi chuma kinachotikisika. Ndani yake mna sumaku, na sumaku hiyo imezungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu kadhaa. Waya huo uliozungushwa huitwa koili. Unene wake ni kama milimita 0.06, yaani kama unywele.

Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe na usumaku kidogo. Uzi ukitikisika, nguvu ya sumaku inayopita katika koili hubadilika, na hapo umeme huzaliwa. Jambo hili liligunduliwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, na ndugu zetu wa kidato cha nne hulisoma katika Fizikia. Uzi wa tano wa gitaa ukifungwa sawasawa hutikisika mara 110 kwa sekunde, kwa hiyo umeme katika koili nao huenda na kurudi mara 110 kwa sekunde. Spika ikiupata umeme huo hutikisika vivyo hivyo, nasi tunausikia wimbo.

Akili hii ilitumiwa katika gitaa na George Beauchamp na Adolph Rickenbacker huko Los Angeles, Marekani. Gitaa lao la kwanza lilitengenezwa mwaka 1931 na kuanza kuuzwa mwaka 1932. Kwa kuwa lilikuwa la mviringo lenye mkono mrefu, watu waliliita "Kikaangio".

Kutokana na maelezo haya tunapata somo la kwanza: nyuzi za nailoni hazitasikika kamwe, hata ukizichapa namna gani. Mwenye nyuzi za kuokoteza, kama zile za breki za baiskeli, azijaribu kwa sumaku. Zikivutwa, pikapu itazihisi.

II. VIFAA

Kwa gitaa la pikapu moja ya koili moja utahitaji:
(a) Pikapu yenyewe, mpya au iliyotolewa katika gitaa kuukuu.
(b) Voliumu mbili za kilo-omu 250, moja ya kuongeza na kupunguza sauti, na nyingine ya toni.
(c) Kapasita moja ya mikrofaradi 0.047 au 0.022.
(d) Jeki ya milimita 6.35, ile kubwa. Ya simu ni ndogo, haifai.
(e) Waya mwembamba wenye ngozi ya plastiki, kama mita moja.
(f) Kifaa cha kulehemu, risasi ya kulehemu, msasa, na mita ya kupimia umeme.

Walio Nairobi wanaijua barabara ya Luthuli, ambako vitu vya namna hii huuzwa duka kwa duka. Walio mbali wamwone fundi wa redio aliye karibu, maana voliumu na kapasita hupatikana katika mashine zilizokufa. Kagua tu namba zilizoandikwa juu yake.

III. HATUA ZA KUUNGANISHA

Kumbuka kanuni moja na hutapotea: umeme haukubali safari ya kwenda tu, ni lazima upate njia ya kurudi. Kwa hiyo kila kitu katika gitaa kina nyaya mbili. Wa kwanza nitauita waya wa sauti, nao hupeleka. Wa pili nitauita waya wa ardhi, nao hurudisha.

Ishike voliumu ya sauti ukiutazama mgongo wake, miguu yake mitatu ikielekea chini. Sasa fuata hatua hizi:

1. Piga msasa mgongo wa voliumu zote mbili mpaka ung'ae. Risasi haishiki penye uchafu.

2. Mguu wa kulia wa voliumu ya sauti uunganishe na mgongo wake mwenyewe. Mgongo huo ndio kituo kikuu cha ardhi, na nyaya zote za ardhi zitakutana hapo.

3. Waya wa sauti wa pikapu uende kwenye mguu wa kushoto. Waya wake wa ardhi uende mgongoni. Aghalabu waya mweusi ndio wa ardhi, lakini rangi hutofautiana kwa kila mtengenezaji, basi soma karatasi iliyokuja na pikapu.

4. Kutoka mguu wa kati peleka waya kwenye jeki, kwenye ule mguu ulioungana na ulimi unaogusa ncha ya plagi. Mguu wa jeki unaogusa shina la plagi uunganishe na mgongo wa voliumu.

5. Sasa toni. Kutoka mguu wa kushoto wa voliumu ya sauti, pale pale pikapu ilipoingilia, peleka waya kwenye mguu wa kati wa voliumu ya toni. Kapasita iwe kati ya mguu wa kulia wa toni na mgongo wa toni. Mguu wa kushoto uache bure. Halafu unganisha mgongo wa toni na mgongo wa sauti kwa waya.

6. Mwisho, chukua waya kutoka kituo kikuu cha ardhi uupitishe hadi chini ya daraja, yaani kile kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi. Hakikisha umegusa chuma kitupu, si rangi. Wengi huusahau waya huu, nao ndio mama wa makala haya.

Katika kulehemu, pasha moto kile unachotaka kukiunganisha, kisha gusisha risasi hapo iyeyuke yenyewe. Ukiiyeyusha juu ya kifaa na kuidondosha kama nta, itakaa leo na kesho itabanduka. Kapasita usiikawize motoni. Na kwa kuwa risasi ni sumu, fungua madirisha, na unawe mikono kabla ya kugusa mandazi.

IV. KUPIMA KABLA YA KUFUNGA

Haraka haraka haina baraka. Usifunge skrubu kabla hujapima. Chomeka waya wa gitaa kwenye jeki, weka mita kwenye kilo-omu 20, gusa ncha ya plagi na shina lake. Fungua sauti yote, kisha usome.

Pikapu ya koili moja aghalabu huwa na kilo-omu kati ya 5 na 8. Ikiwa yako ina kilo-omu 6, mita itasoma kama 5.9, kwa sababu voliumu ya 250 imekaa sambamba nayo. Waliosoma sheria ya Ohm wapige hesabu waone. Ukifunga sauti yote, mita isome sifuri. Ukizungusha toni, namba isibadilike, kwa sababu kapasita haipitishi umeme wa betri ya mita.

Mita isiposoma kitu chochote, basi kuna waya uliokatika au kiungo kisichoshika. Ikisoma sifuri ilhali sauti imefunguliwa yote, waya wa sauti umegusana na wa ardhi mahali fulani, aghalabu ndani ya jeki. Ukifungua sauti na gitaa likanyamaza, ukifunga likalia, basi umegeuza kulia kuwa kushoto.

V. MVUMO

Gitaa likishalia utasikia pia "mmmmm" kama ya nyuki. Usimlaumu fundi wala mchawi. Koili huhisi uzi, lakini pia huhisi stima iliyo katika taa na nyaya za ukutani. Stima ya Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo hutokana nayo.

Dawa ya kwanza ni ule waya wa daraja. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, ujue waya umeshika. Dawa ya pili ni kupamba shimo la gitaa kwa ile karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Alumini haikubali risasi kwa urahisi, kwa hivyo ibane kwa skrubu pamoja na waya wa ardhi, na chunga isiguse miguu ya sauti. Dawa ya tatu ni pikapu ya koili mbili, iliyobuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955. Koili zake zimepangwa hivi kwamba mvumo wa moja huua mvumo wa nyingine, huku sauti za nyuzi zikijumlishwa. Pikapu hiyo hutumia voliumu za kilo-omu 500.

VI. HATARI

Sasa tufikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Umeme wa pikapu ni mdogo mno, kama sehemu ya kumi ya volti, na hata ukichapa kwa nguvu hukaribia volti moja tu. Huo haumdhuru mtu. Lakini hebu ufuate waya wa ardhi uone unakokwenda. Unatoka kwenye nyuzi, unapita darajani, mgongoni mwa voliumu, kwenye jeki, kwenye waya mrefu, mpaka kwenye bati la amplifaya. Kutoka hapo huenda kwenye pini ya tatu ya plagi na kuingia ardhini. Kwa hivyo kidole chako kikigusa uzi, ni kama umeshika bati la amplifaya.

Amplifaya ikiwa nzima na pini ya tatu ikiwa inafanya kazi, hakuna neno. Hata laivu ikigusa bati, umeme hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Lakini kuna watu ambao wakisikia mvumo hukata ule waya wa kijani na manjano ndani ya plagi. Mvumo huweza kupungua kweli, nao hujisifu. Hawajui kwamba siku laivu ikigusa bati, nyuzi za gitaa zitakuwa na volti 240, na njia ya kurudi itakuwa ni kifua cha mpigaji anayegusa maikrofoni kwa mdomo.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikufa jukwaani alipogusa maikrofoni ambayo haikuunganishwa ardhini ipasavyo. Alikuwa mwanamuziki mzoefu. Stima haiulizi uzoefu.

Basi tushike kanuni hizi:
(a) Usikate waya wa kijani na manjano, hata mvumo ukikukera vipi.
(b) Usiunganishe gitaa na redio kuukuu ya stima ambayo imefunguliwa. Baadhi yake bati lake limeungana na stima moja kwa moja.
(c) Amplifaya na maikrofoni zitumie soketi za mahali pamoja, zenye ardhi nzuri.
(d) Ukihisi mtekenyo kwenye nyuzi au kwenye midomo, acha mara moja. Zima kwenye ukuta, usiseme "ni kidogo tu".
(e) Anayeanza atumie amplifaya ndogo ya betri. Kuna chipu iitwayo LM386 inayoendeshwa na betri ya volti 9, na mafundi wengi wa redio wanaijua. Sauti yake yatosha kufanyia mazoezi chumbani.

VII. TAMATI

Alhasili, gitaa la umeme si uchawi. Ni sumaku, koili na njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Wapenzi wa benga wanajua vile gitaa linaweza kumjibu mwimbaji neno kwa neno, na hakuna sababu la kwako libaki bubu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: shika msasa, pima, lehemu, pima tena. Na ule waya wa ardhi uheshimu, maana ndio unaonyamazisha mvumo, na ndio unaokulinda.

MASWALI YA ZOEZI

1. Kwa nini gitaa lenye nyuzi za nailoni halisikiki kupitia pikapu hata likiunganishwa vizuri?
2. Mita inasoma sifuri ilhali sauti imefunguliwa yote. Taja kosa moja linaloweza kusababisha hali hiyo, na mahali utakapoanza kutafuta.
3. Pikapu ya kilo-omu 7 imeunganishwa na voliumu ya kilo-omu 250. Mita itasoma ngapi sauti ikifunguliwa yote?
4. Rafiki yako amekata waya wa ardhi katika plagi ya amplifaya ya kanisa lao, na anasema sasa inalia vizuri. Mwandikie barua fupi ya kumshauri, kabla ya Jumapili.