KICHWA KINAUMA KILA UKIINGIA JIKONI? HEBU TAZAMA JUU!



Katika somo letu la leo tunaingia jikoni. Nazungumzia jikoni kwa kazi: hotelini, mgahawani, kantini ya chuo, ukumbi wa harusi. Vijana wengi wakimaliza shule huanzia huko. Unaanza kuosha vyombo na kumenya viazi, baadaye unakabidhiwa karai. Ukikabidhiwa karai unafundishwa chumvi, unafundishwa moto, unafundishwa namna ya kumjibu mteja mkorofi. Ile kofia kubwa ya bati inayoning'inia juu ya majiko, ambayo wapishi huiita hudi na wengine ekzosi kama ya gari, hakuna anayekufundisha. Nami sikufundishwa.

Nilipokuwa chuo, likizo moja nilifanya kibarua cha miezi miwili kwenye jiko la ukumbi mmoja wa sherehe jijini Dar es Salaam. Tulikuwa saba. Jumamosi ikifika saa kumi jioni, kichwa kinaanza kugonga, kichefuchefu kinapanda, miguu inakuwa mizito kama umevaa gambuti. Dada mmoja aliyekuwa upande wa kukaanga alikwenda kupima malaria mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Hana. Akanunua dawa hivyohivyo, akameza. Cha ajabu, siku zake za mapumziko yuko mzima kabisa, anacheka.

Hudi ilikuwepo, kubwa na ya kung'aa. Ila swichi yake ilikuwa imezibwa kwa gundi ya karatasi isiwashwe, kwa sababu feni ilikuwa inapiga kelele MC akiongea. Na chini yake, pembeni ya majiko ya gesi, tulikuwa na majiko mawili makubwa ya mkaa ya kupalilia pilau. Madirisha yamefungwa, nzi wasiingie. Unaanza kuona mambo yalivyokuwa, siyo?

MOSHI WA JIKONI UNA NINI NDANI?

Una vitu vingi. Mvuke wa maji hauna neno, unakulowesha tu. Mvuke wa mafuta ni habari nyingine. Mafuta yakipata moto mkali hupanda hewani kama ukungu wa matone madogo sana, yanakwenda kukaa ukutani, kwenye nywele, na kwenye mapafu yako. Mwaka 2010, IARC, ambayo ni taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ilichapisha tathmini yake kwamba moshi wa kukaanga kwa moto mkali huenda unasababisha saratani kwa binadamu. Sasa neno "huenda" lisikutie hofu mpaka ukaacha kazi, lakini pia usilipuuze. Anayekaanga chipsi za watoto nyumbani mara moja kwa wiki na anayesimama kwenye karai masaa 10 kwa siku hawavuti moshi sawa.

Halafu kuna hewa ya kabonimonoksidi. Hii ndiyo iliyokuwa inatupiga sisi. Hutokea pale moto unapowaka bila kupata hewa ya kutosha, na mkaa ndiyo bingwa wake. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Watu husema mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umeisha basi hauna madhara. Si kweli jamani! Mkaa mwekundu unaendelea kuitoa hewa hiyo, isipokuwa haikupigii hodi.

Inafanyaje kazi mwilini? Kwenye damu kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kama daladala inavyobeba abiria. Kabonimonoksidi huung'ang'ania ule mkono wa kiti zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Daladala inatembea imejaa, lakini oksijeni imebaki kituoni. Ubongo na moyo vinasubiri abiria ambaye hafiki. Ndiyo maana kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, unataka kutapika, unakosa nguvu. Ikizidi, unapoteza fahamu na kufa. Ukitoka kwenye hewa safi, damu huchukua kiasi cha masaa 4 hadi 5 kupunguza sumu hiyo kwa nusu, kwa hiyo usitegemee kupona kwa kusimama mlangoni dakika tano ukinywa soda. Mama mjamzito awe mwangalifu zaidi, kwani sumu hii humfikia mtoto tumboni.

Utatofautishaje na malaria? Kupima malaria lazima, usibahatishe. Lakini jiulize: Je, nina homa? Sumu hii kwa kawaida haileti homa. Je, kichwa kinaanza nikiwa kazini na kuisha siku ya mapumziko? Je, wenzangu jikoni wanalalamika saa hizohizo? Kama majibu yanaelekea huko, mwambie daktari unafanya kazi wapi na mnapikia nini. Asipoambiwa atajuaje? Na mwenzako akianguka jikoni, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, halafu hospitali haraka.

HUDI INAFANYAJE KAZI?

Hewa ya moto hupanda. Hudi inaipokea hewa hiyo, feni inaivuta, inapita kwenye filta, yaani vichujio vya bati vinavyonasa mafuta, kisha inapanda kwenye dohani na kutoka juu ya paa. Mafuta yaliyonaswa hutiririka kwenye mfereji mdogo hadi kwenye kikombe pembeni.

Kosa la kwanza ambalo wengi tunafanya ni kuwasha feni moshi ukishajaa. Umechelewa. Washa feni kabla ya kuwasha majiko, ili mkondo wa hewa uwe umeshapata njia. Ukimaliza kupika usiizime papo hapo. Mafuta kwenye karai bado ni ya moto na yanaendelea kutoa mvuke. Iache dakika 15 au 20. Majiko yote yawe ndani ya kivuli cha hudi. Jiko lililochungulia nje moshi wake ni wenu, si wa feni.

Kosa la pili linawashangaza wengi: kufunga milango na madirisha yote ili hudi ivute vizuri. Hewa inayotolewa lazima ipate mbadala. Jaribu kunyonya soda kwenye chupa huku midomo imeziba shingo yote ya chupa, utaona soda inagoma. Jiko nalo hivyohivyo. Dalili zake ni mlango unaokuwa mgumu kuufungua au unaopiga mluzi, na miali ya gesi inayoyumba. Hapo feni inaweza hata kuvuta moshi wa mkaa kutoka chumba cha pili ukaja kwenu. Acheni njia ya hewa, wekeni wavu wa nzi dirishani. Ila feni ya mezani isielekezwe kwenye majiko, kwa sababu inausukuma moshi nje ya hudi kabla haujavutwa.

Unataka kujua kama yenu inavuta? Huhitaji fundi kwa hilo. Washa feni, chukua kipande cha karatasi ya chooni, kishike karibu na filta huku majiko yamezimwa. Kinatakiwa kivutwe na kubaki kimenata. Kikidondoka, kuna tatizo: filta zimeziba, mkanda wa feni umelegea, au feni inazunguka kinyumenyume, jambo linalotokea fundi akikosea kuunga nyaya za umeme wa njia tatu. Unaweza pia kuwasha udi chini ya ukingo wa hudi uone moshi wake unaelekea wapi.

Na umeme ukikatika? Swali zuri, hasa kwetu. Feni inasimama lakini gesi na mkaa vinaendelea. Zimeni vikaangio kwanza, fungueni milango na madirisha, majiko ya mkaa yatolewe nje kama inawezekana kuyabeba bila kuungua. Mteja atasubiri. Kama kuna jenereta, feni iunganishwe nayo, siyo friji za bia peke yake. Jenereta lenyewe likae nje mbali na madirisha, maana nalo linatoa hewa ileile.

USAFI: HAPA NDIPO MOTO UNAPOANZIA

Mafuta yanayoganda kwenye filta na dohani ni mafuta bado. Ni kuni. Yamekaa juu ya moto yanasubiri cheche. Karai likishika moto, ulimi wa moto unafika kwenye filta chafu, unaingia kwenye dohani, feni inaupuliza kama mvukuto wa mhunzi, na dakika chache baadaye paa linawaka.

Kikombe cha mafuta kimwagwe kila siku, na mafuta hayo yasiende kwenye sinki, yataziba bomba. Yatie kwenye kopo lenye mfuniko. Filta za jikoni panapokaangwa kutwa zioshwe kila siku. Penye kazi ndogo, angalau kila wiki. Kwanza kila kitu kipoe. Kamwe usipande ngazi au kukanyaga ukingo wa jiko wakati kuna karai la mafuta ya moto chini yako. Loweka filta kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi, suuza, kausha kabisa.

Angalizo kuhusu kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Kuna wapishi wanaisifia kwa kutoa mafuta. Filta nyingi ni za aluminiamu, na kostiki inakula aluminiamu huku ikitoa hewa ya haidrojeni inayoweza kuwaka. Juu ya hapo inaunguza ngozi, na ikiruka jichoni inaweza kukupofusha. Hata ile dawa kali inayouzwa dukani kwa kazi hiyo, tumia glovu na miwani na usome maelezo. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi na uende hospitali.

Wakati wa kurudisha, angalia mapande ya filta yasimame wima ili mafuta yatiririke kuelekea chini kwenye mfereji. Ukiyalaza, mafuta yanatuama na kudondokea kwenye chakula au kwenye moto. Nimeona hili kwa macho, na anayelaumiwa ni kijana wa vyombo ambaye hakuelezwa. Msipike bila filta hata kama "ni mara moja tu", kwa kuwa hapo mlango wa dohani uko wazi kwa moto.

Ndani ya dohani na kwenye feni ya paani ni kazi ya mafundi wenye vifaa. Taratibu za NFPA 96, zinazofuatwa sana kimataifa, zinataka dohani ikaguliwe kila mwezi kama mnatumia kuni au mkaa, kila miezi mitatu penye kazi kubwa ya kukaanga, na kila miezi sita kwa jiko la kawaida. Mkaa hutoa cheche na masizi, kwa hiyo jiko la nyama choma lipewe hudi na dohani yake peke yake. Fundi akipanda kwenye feni, umeme ukatwe kwenye swichi kubwa, na mtu asimame pale asije mwingine akaiwasha.

MOTO UKIWAKA

Karai likishika moto usimwage maji! Maji yakigusa mafuta yale yanageuka mvuke na kutanuka kiasi cha mara 1,700, yanarusha mafuta yanayowaka jiko zima. Zima gesi kama unaifikia salama, funika karai kwa mfuniko wa chuma au blanketi la kuzimia moto, uliache limefunikwa hadi lipoe. Usilibebe kulipeleka nje. Mtungi unaofaa kwa mafuta ya kupikia ni ule wa kemikali ya majimaji, wenye herufi F au K. Kama moto umeshaingia kwenye dohani, tokeni wote na kupiga simu Zimamoto, namba 114 kwa Tanzania.

"BOSI ATANIFUKUZA"

Najua. Nami nilinyamaza wiki tano kwa sababu hiyohiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na OSHA wana wakaguzi. Lakini kijana wa kibarua asiye na mkataba hawezi kuanzia hapo. Sisi tulianza na mpishi mkuu, tukaenda watatu badala ya mmoja, tukaongea habari ya moto kabla ya habari ya vichwa vyetu. Paa likiungua ni hasara ya tajiri, hilo analisikia haraka. Fundi aliletwa. Kumbe kelele yote ile ilikuwa mkanda uliochakaa! Ukabadilishwa, feni ikatulia, gundi ikabanduliwa. Majiko ya mkaa yalihamishiwa uani chini ya bati. Wiki iliyofuata yule dada alikaanga mpaka saa sita usiku na hakuuliza panadol.

Na wewe wa banda la chipsi au mama lishe usiye na hudi? Pika penye uwazi, jiko liwe upande ambao upepo unatoka kwako kwenda nje. Acha nafasi wazi juu ya ukuta, chini ya bati, moshi upate pa kutokea. Usilale kwenye banda lenye jiko la mkaa, hata kama umelifunika majivu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Wapishi wanne wanaumwa kichwa siku moja, wote hawana homa. Mtaanza kuchunguza nini?
2. Feni inanguruma vizuri lakini karatasi inadondoka. Taja sababu tatu.
3. Umeme umekatika katikati ya harusi, mkaa unawaka, msimamizi anasema endeleeni. Igizeni mazungumzo hayo, mmoja awe msimamizi.
4. Nendeni kwenye kantini ya shule au chuo chenu, ombeni ruhusa, mtazame kikombe cha mafuta. Kilimwagwa lini?