Jiwe Nalo Lina Sanad

Ng'ambo ya Rumonge, upande wa Kongo, iko Ubwari. Huko Banza, chini ya ziwa, chemchemi za maji moto zimejenga nguzo za chokaa zenye tundu, nyingine zikifika sentimita 70. Baharini, chokaa kama hiyo hujengwa pia penye vijidudu vinavyokula methani, na makombe ya kale hubaki ndani yake. Kwa macho huweza kufanana. Kaboni ndiyo hutofautisha, kwani ya methani ni nyepesi mno.

Nikisoma elimu ya hadithi, naiona kaboni hiyo kama sanad: matni pekee haitoshi. Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamuru kuhakiki habari. Ndugu zangu, tukilitangaza jiwe kuwa muujiza kabla ya kulihoji, likibainika vingine watu watashuku hata Qur'ani.

Wallahu a'lam.