Halaqa ya Makala za Kompyuta: Kumsoma Hoare kwa Jicho la Mirathi



Ndugu zangu katika imani, vyuoni tumezoea kugawana mafungu mawili: wanafunzi wa dini na wanafunzi wa kompyuta. Lakini mafungu haya yamekwisha kutana bila sisi kutambua. Kijana anaulizwa mirathi ya marehemu, anafungua programu kwenye simu, anajaza majina ya warithi na kusoma jibu mbele ya wafiwa. Ni haki ya yatima na mjane inayogawanywa pale. Je, ni nani aliyehakikisha jibu lile? Somo letu la leo linajibu swali hilo kwa njia ya kusoma makala moja ya kompyuta pamoja, kama tunavyosoma matini ya fiqhi.

Kusoma kwa halaqa

Njia ya wanazuoni wetu tunaijua: mmoja anasoma, mwalimu anasimamisha, neno linafafanuliwa, swali linaulizwa, ndipo mstari unaofuata. Watu wa kompyuta nao wanayo halaqa ya namna hiyo. Jumuiya iitwayo Papers We Love ilianzia New York na kuenea miji mingine: wanachagua makala moja ya kitaalamu, mmoja anaieleza, wengine wanahoji.

Kwetu sisi jambo hili si la kigeni. Neno algorithimu limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake cha aljebra kina sehemu kubwa inayohusu wasia na mirathi. Hesabu na faraidhi zilikaa ndani ya jalada moja.

Makala yenyewe

Mwaka 1969 Tony Hoare, aliyekuwa akifundisha Belfast, alichapisha makala fupi iitwayo An Axiomatic Basis for Computer Programming. Hoja yake ni kwamba usahihi wa programu unaweza kuthibitishwa kwa dalili, hatua kwa hatua, kama mtu anavyothibitisha jambo katika hesabu. Kila kipande cha programu kinawekewa mambo mawili:

1. Sharti la mwanzo: yale ambayo lazima yawe kweli kabla ya kazi kuanza.
2. Sharti la mwisho: yale ambayo lazima yawe kweli kazi ikimalizika.

Kisha unaonyesha kwamba likitimia la kwanza na programu ikamaliza kazi, la pili halina budi kutimia. Hoare mwenyewe anaeleza mpaka wa njia hii: haithibitishi kwamba programu itamaliza kazi, bali kwamba ikimaliza, jibu ni sahihi.

Mfano wa mirathi

Mwanamke amefariki. Ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Hakuna mtoto, baba wala babu. Baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki faranga 4,200,000. Suratun Nisaa, aya ya 12, inampa mume nusu. Aya ya 176 inawapa dada wawili theluthi mbili.

Programu ya haraka itafanya hivi: mume 2,100,000, dada wawili 2,800,000. Jumla 4,900,000. Zimezidi faranga 700,000 ambazo hazipo! Kila mstari umefuata fungu lililotajwa, lakini sharti la mwisho limevunjika, kwani jumla ya mafungu haikulingana na mali.

Wanazuoni walilitatua kwa aul. Inapokelewa kwamba suala hili lilitokea zama za Sayyidna Umar (r.a.). Msingi wa suala ni 6: mume 3, dada 4, jumla 7; basi msingi unapandishwa hadi 7. Mume anapata 1,800,000, kila dada 1,200,000, na jumla inarudi 4,200,000.

Sasa tazama faida ya Hoare. Mtunzi anaweza kuijaribu programu yake kwa mifano mia isiyo na aul, yote ikatoka sawa, akadhani amemaliza. Mifano haimalizi hali zote. Anayeandika sharti la mwisho na kutafuta dalili yake analazimika kujiuliza: je, mafungu yakizidi? Je, yakipungua? Hapo ndipo aul na radd zinapomjia.

Nani ataandika sharti?

Hapa pana jambo zito zaidi. Programu inayompa mume mali yote nayo inatimiza sharti la jumla! Basi sharti hilo ni la lazima lakini halitoshi. Isitoshe, Ibn Abbas (r.a.) alipinga aul, akaona upungufu uwaangukie mabinti na dada. Kwa rai yake mume anapata 2,100,000 na dada 2,100,000. Jumla ni ileile, mgawo ni mwingine.

Kompyuta haiwezi kuchagua kati ya rai hizi. Anayejua kwamba jumhuri wamechukua aul ni mwanafunzi wa fiqhi, na anayejua kulifunga sharti ndani ya programu ni mwanafunzi wa kompyuta. Mmoja akikosekana, haki ya mtu inapotea.

Namna ya kuanzisha halaqa

Kwetu Nyakabuye hakuna chuo kikuu, lakini likizo inatukutanisha wa vyuo mbalimbali. Watu wanne na nakala moja iliyochapwa vinatosha.

1. Chagueni makala fupi, na mmoja aisome mara mbili kabla ya kikao.
2. Someni aya moja moja kwa sauti, kisha mmoja aieleze kwa Kiswahili au Kinyarwanda. Asiyeweza kuieleza kwa lugha yake bado hajaielewa, na si aibu kurudia.
3. Andikeni maswali yaliyobaki, msiyafunike.
4. Malizeni kwa mfano mmoja wa maisha yetu: mirathi, zaka au nyakati za sala.

Baada ya Hoare, someni hotuba ya Ken Thompson iliyochapishwa mwaka 1984, Reflections on Trusting Trust. Anaonyesha kwamba programu inaweza kuonekana safi ukiisoma, kumbe khiana imefichwa katika chombo kilichoitafsiri kwa kompyuta. Aliyesoma elimu ya sanadi ataelewa upesi: matini peke yake haitoshi, waliyoipokeza nao huchunguzwa.

Maswali ya kujadili

1. Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Je, mafungu yanazidi?
2. Katika programu ya zaka, sharti la mwanzo ni lipi?

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie tuwe waaminifu katika haki za watu. Aamin. Wabillahi tawfiq.