Somo: Jeraha Lisiloonekana Baada ya Ajali ya Barabarani

Ajali itokeapo, kazi ya kwanza ya askari ni kuokoa uhai, kuzuia ajali ya pili na kuandika maelezo. Majeruhi hukimbizwa Hospitali ya Prince Régent Charles au zile za Kamenge. Gari huvutwa, njia hufunguliwa. Baada ya wiki kadhaa mfupa umeunga, na majirani husema: amepona. Lakini huenda mtu huyo hawezi tena kuvuka barabara bila miguu kumtetemeka. Somo hili linahusu jeraha hilo la pili na namna ya kuliuguza.

Jeraha la moyo ni nini?

Mtu akikaribia kifo, mwili wake hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo hudunda upesi, misuli hukaza, macho hufunguka. Hatari ikipita, mwili hupaswa kutulia. Kwa baadhi ya watu hautulii, bali hubaki ukilinda lango ambalo adui ameshaondoka. Kwa Kirundi hali hii huitwa ihahamuka, na wengi wetu tumeizoea kuihusisha na vita tu. Hata hivyo, breki iliyokatika kwenye mteremko wa kutoka Bugarama kuja Bujumbura, pale waendesha baiskeli wenye mizigo ya ndizi wanapopishana na malori, yaweza kuleta hali ileile.

Dalili zake ni hizi: tukio kujirudia akilini au ndotoni; kuikwepa njia au chombo kinachokumbusha ajali; kushtuka kwa kila honi, kukosa usingizi na kuwa mwepesi wa hasira; kujilaumu na kujitenga na watu. Mtoto huenda akaanza tena kukojoa kitandani, au akacheza mchezo wa magari kugongana siku nzima.

Wanaoumia si majeruhi peke yao. Aliyeshuhudia, mzazi aliyepigiwa simu, askari aliyebeba maiti, na hata dereva aliyesababisha kifo, wote waweza kuumia. Sheria itamhukumu dereva kwa kosa lake. Hilo halimzuii kuhitaji msaada, na asipoupata huenda akarudi kwenye usukani akiwa hatari zaidi kuliko awali.

Saa na siku za kwanza

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake, unafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mahali ni salama na nani ameshtuka zaidi. Sikiliza bila kulazimisha. Unganisha mtu na jamaa zake, na matibabu, na habari za kweli. Huduma hii haihitaji daktari. Askari, dereva wa teksi au muuza mboga kando ya njia aweza kuitoa.

Yapo pia ya kuepuka. Usimshurutishe aliyetoka kwenye ajali kusimulia yote siku ileile kwa dhana kwamba atapata nafuu. Usimwambie "mwanamume halii", wala "shukuru Mungu, wengine wamekufa". Usimpe pombe, wala dawa za usingizi asizoandikiwa na daktari. Askari anayechukua maelezo aeleze kwanza kwa nini anauliza, aulize yale yanayohitajika, na aruhusu mapumziko. Wageni wanaokuja kutoa pole, desturi yetu njema, wamwache mgonjwa achague cha kusema.

Wakati wa kumwona mshauri

Katika wiki za kwanza, dalili nyingi ni za kawaida na kwa watu wengi hupungua zenyewe, hasa wakiwa na watu wanaowapenda, wakila, wakilala na kurudia shughuli zao polepole. Dalili zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, au zikimzuia mtu kufanya kazi, atafutiwe mshauri. Anayesema kwamba hataki kuishi asisubiri hata siku moja, wala asiachwe peke yake.

Mshauri hafuti kumbukumbu. Humsaidia mtu kuisimulia kwa utaratibu, mahali salama, mpaka iwe jambo lililopita. Tuchukue mfano wa dereva wa pikipiki wa Buyenzi ambaye hawezi tena kupanda chombo chake. Mshauri atamfundisha kupumua taratibu. Kisha watapanga hatua: kusimama kando ya barabara, kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa, kuendesha hadi mwisho wa mtaa, na baadaye kurudi kazini. Kila hatua hurudiwa mpaka hofu ishuke, ndipo inayofuata ianze. Yeye ndiye anayetegemewa nyumbani. Akirudi barabarani, watoto hurudi mezani.

Kwa walio Bujumbura, Kituo cha Magonjwa ya Akili na Neva cha Kamenge, kinachoendeshwa na watawa wa shirika la Frères de la Charité, hupokea wenye matatizo ya aina hii. Shirika la THARS limefanya kazi ya kutibu majeraha ya moyo nchini Burundi tangu mwaka 2000. Wapo wanaoona haya kuelekea Kamenge, wakihofia kuitwa wendawazimu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayetibiwa mguu haitwi kiwete milele. Vivyo hivyo anayetibiwa moyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wenu, ni nani aliyepata ajali mwaka huu, na ni nani aliyemuuliza kama analala usiku?
2. Mkuu wa mtaa, imamu, mchungaji na askari wanawezaje kushirikiana kumfikisha mtu kwa mshauri bila kumwaibisha?
3. Chama cha madereva kinaweza kumsaidiaje mwenzao katika mwezi ambao hawezi kuendesha?